Mtoto wa Bwana au Mtoto wa Mtwana? Mwongozo Kamili wa Kumtafuta Baba wa Babu Aliyezaliwa Utumwani

Ugomvi wenyewe, katika nyumba nyingi za pwani, huwa wa namna moja. Babu anaitwa Feruzi bin Nasoro. Upande mmoja wa ukoo unasema Nasoro ni baba yake wa kumzaa: alikuwa mwenye shamba la mikarafuu, na mama yake Feruzi, Zafarani, alikuwa suria wake, yaani mjakazi aliyemweka kinyumba. Upande wa pili unasema hapana, Nasoro alikuwa bwana tu. Baba alikuwa mtwana, yaani mtumwa wa kiume, wa shamba lile lile, na jina la bwana lilimganda mtoto kama lilivyowaganda wengi. Majina haya matatu nimeyatunga ili tuwe na mfano wa kushika njiani. Ugomvi sikuutunga. Kwetu ulizuka kwenye hitima, mzee mmoja aliposoma nasaba kwa sauti na mwenziwe akanyanyuka, akavaa viatu, akaondoka.

Mwongozo huu ni kwa aliyebaki mkekani siku hiyo akitaka kujua ukweli ni upi. Unahusu zaidi Unguja na Pemba, kisha Mombasa na pwani ya Kenya, kisha Mrima, yaani pwani ya Bara, mpaka Kilwa na Lindi, kwa sababu huko ndiko karatasi zilikobaki kwa wingi na ndiko sheria ya utumwa ilikoacha alama zinazosomeka.

Kabla ya kugusa karatasi: kwa nini mirathi ina nguvu kuliko jina

Wengi huanza na jina, na hapo hupotea miaka. "Bin Nasoro" haithibitishi kitu. Mtu aliyeachwa huru alibaki na uhusiano wa kisheria na aliyemwacha huru, uhusiano unaoitwa walaa, na mara nyingi jina la bwana liliingia pale ambapo jina la baba lingekaa.

Mali haikuwa hivyo. Katika sheria ya Kiislamu iliyotumika pwani, mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana mwenyewe, na bwana akamkubali, alikuwa mtoto huru tangu kuzaliwa. Alirithi sawasawa na watoto wa mke wa ndoa. Haikuwa nadharia ya vitabuni: Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, wote wa masuria, na kati yao wakatoka Majid na Barghash waliotawala Zanzibar. Lakini mtoto ambaye mama yake ni mjakazi na baba yake ni mtwana alimfuata mama. Alikuwa mali ya bwana wa mama yake, na kwa bwana huyo hakuwa na fungu hata la mnazi mmoja.

Kwa hiyo madai yale mawili yanaacha nyayo tofauti. Kama Nasoro ndiye baba na alikiri, basi jina la Feruzi litakuwamo kwenye orodha ya warithi wa Nasoro. Kama alikuwa bwana tu, Feruzi ataonekana kwingine: kwenye daftari la walioachwa huru, kwenye wasia kama mtu aliyefanyiwa hisani, au kwenye wakfu kama mmoja wa mahuru, yaani watu walioachwa huru na bwana. Swali la kuuliza kila ukifika mbele ya karatasi ni hili: alipewa nini, na alipewa kama nani?

Hatua ya kwanza: andika madai yote, pamoja na lile lisilosemwa

Chukua karatasi, uigawe safu tatu. Safu ya kwanza andika dai la upande mmoja, ya pili dai la upande wa pili, na chini ya kila moja andika kitu ambacho lazima kionekane kama dai hilo ni kweli. Safu ya tatu ni ya baba mwingine kabisa: ndugu yake Nasoro, mtoto mkubwa wa Nasoro, msimamizi wa shamba, jirani. Mjakazi hakuwa na uwezo wa kumkatalia kila mtu, na wengi walizaa watoto ambao baba zao walijulikana na kila mtu shambani na hawakuandikwa na yeyote. Usiiache safu hiyo tupu kwa kuona haya. Itakuokoa baadaye, hasa ukifika kwenye vinasaba (DNA).

Hatua ya pili: kaa na wazee, mmoja mmoja

Ukiwakusanya wazee pamoja utapata hadithi ya yule mwenye sauti kubwa. Nenda kwa kila mmoja nyumbani kwake, na usianze na utumwa. Anza na shamba: lilikuwa wapi, nani alikaa nyumba kubwa, nani alikaa kwenye vibanda, visima vilikuwa wapi, makaburi yako wapi na nani kazikwa na nani. Mtu asiyetaka kusema "bibi yangu alikuwa mjakazi" atakueleza bila shida kwamba bibi yake alizikwa nje ya ukuta.

Kisha uliza mambo ambayo yalikuwa na uzito wa sheria hata kama mzee mwenyewe hayaoni hivyo. Nani alikuwa wali, yaani mwenye haki ya kumwozesha, binti yake Feruzi alipoolewa? Kwa utaratibu, uwali huanza kwa baba, babu, kaka, ami na watoto wao. Ikiwa mwanamke aliyeachwa huru hana jamaa wa kiume upande wa baba, uwali huenda kwa aliyemwacha huru. Kwa hiyo ukisikia kwamba mtoto wa Nasoro ndiye aliyemwozesha binti wa Feruzi, usishangilie: huenda alikuwa ami, huenda alikuwa mwenye walaa. Uliza kama Feruzi mwenyewe alikuwa hai siku ile, na kama ndiyo, kwa nini hakuozesha yeye. Uliza pia kama watoto wa Feruzi waliwahi kuoana na watoto wa nyumba ya Nasoro, na nani alikataa.

Andika maneno kama yalivyotamkwa. Mzee akisema "mzalia", andika mzalia. Maana yake alizaliwa pwani, hakuletwa kutoka bara. Akisema "mateka", "suria", "kijakazi", "hadimu", usiyageuze yote kuwa "mtumwa". Kila neno lilikuwa na daraja lake, na tofauti kati ya kijakazi na suria ndiyo kesi yenyewe unayoichunguza. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii niliandika "mtumwa" kila mahali kwa heshima, nikidhani ninalainisha. Ilinibidi nirudi kwa bibi mmoja miezi minane baadaye kumwuliza alitumia neno gani, naye alikuwa ameshaanza kusahau.

Kwa miaka, tumia matukio. Kimbunga cha Unguja ni 1872. Mizinga ya Waingereza kwenye kasri ni tarehe 27 Agosti 1896. Vita vya Maji Maji vilianza 1905. Na mzee akikutajia "mfunguo nne", huo ni Muharam; hesabu ya mifunguo huanza Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani.

Hatua ya tatu: jua sheria ilisema nini mwaka ule, mahali pale

Hapa watu wengi hukosea kwa sababu wanadhani utumwa ulikwisha siku moja. Mkataba wa 1873 ulifunga soko la Zanzibar na kupiga marufuku biashara ya baharini; haukumwacha huru mtu aliyekuwa tayari shambani. Amri ya Agosti 1890 ilikataza kuuza na kununua, nayo ikampa mtumwa haki ya kujikomboa. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 ndiyo iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba, lakini mtu hakuwa huru mpaka aende mwenyewe kuomba, na bwana alilipwa fidia. Pwani ya Kenya, sheria kama hiyo ilikuja 1907. Bara, chini ya Wajerumani, watoto waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 walihesabiwa huru, lakini utumwa wenyewe ulifutwa na Waingereza mwaka 1922.

Kuna kipengele kimoja cha amri ya 1897 ambacho kila mtafiti wa nasaba anapaswa kukijua kwa moyo: masuria waliwekwa kando. Walichukuliwa kama wako katika hali ya wake, na hawakuweza kuomba uhuru kama wengine isipokuwa kwa sababu kama ukatili. Hali hiyo ilikwisha kwa amri ya 1909.

Tazama maana yake kwa Zafarani. Ukimkuta kwenye daftari la walioachwa huru mwaka 1899, kwa fidia aliyolipwa Nasoro, dai kwamba alikuwa suria wake linatikisika, maana suria hakupitia mlango ule kwa kawaida. Usipomkuta, usiseme "basi alikuwa suria". Maelfu hawakwenda kuomba kabisa: waliondoka, au walibaki palepale kwa mapatano na bwana, au waliachwa huru na bwana mwenyewe kwa kutaka radhi za Mungu. Kuonekana kwenye daftari ni ushahidi. Kukosekana ni dalili hafifu.

Hatua ya nne: mtafute Nasoro kwanza

Hifadhi za nyaraka hazikupangwa kwa majina ya watumwa. Zimepangwa kwa wenye mali, kwa hiyo hutampata Zafarani mpaka umjue aliyemmiliki: jina lake kamili mpaka babu yake na kabila lake, shamba lake, mji, na mwaka wa kifo. Mwaka wa kifo kuliko vyote, kwa sababu kifo ndicho kilichofungua mirathi, na mirathi ndiyo iliyoandika watu.

Andaa orodha ya tahajia. Karani wa Kiingereza aliandika alichosikia, na alisikia kila siku tofauti. Nasoro atakuwa Nassor, Nasur, Nasser, Nasir. Feruzi atakuwa Firuz, Feroz, Ferusi. Zafarani atakuwa Zaferan, Safarani, Zafran. Kwa herufi za Kiarabu mambo ni nafuu kidogo, lakini kuna neno dogo katikati ya majina ambalo lazima ulitafute. Likiwa "bin", una nasaba au walaa, hujui bado. Likiwa "atiq", maana yake ni aliyeachwa huru na, hapo umejibiwa. Likiwa "khadim", katika hati za Waomani ni mtumwa wa. Katika karatasi za mahakama za wakati wa Waingereza utakutana pia na "huru" kati ya majina mawili: Feruzi huru Nasoro si Feruzi bin Nasoro. Na mara nyingi ni mtu yule yule. Mtu aliyeandikwa "huru" mwaka 1900 huonekana "bin" mwaka 1920, kwa kuwa hakutaka watoto wake wabebe neno lile, na nani angemlaumu.

Basi chukua kila karatasi unayoipata ya Feruzi na uipange kwa tarehe. Karatasi ya zamani ina uzito zaidi kuliko ya karibuni. Ikiwa alikuwa "bin" tangu mwanzo, enzi ambayo Nasoro na watoto wake walikuwa hai kumpinga, hilo ni jambo. Ikiwa "bin" imeanza baada ya wote kufa, ni jambo jingine.

Majina yenyewe nayo hunena. Feruzi, Almasi, Marijani, Mabruki, Faraji, Baraka: haya yalikuwa majina waliyopewa watumwa mara kwa mara, mengine ya vito, mengine ya heri. Mtoto wa suria aliyekubaliwa kwa kawaida alipewa jina la ukoo wa baba. Hii si sheria ya chuma, ila kama watoto wote wa Nasoro ni Seif, Salim na Hamed, na wako tu ndiye Feruzi, liandike kwenye safu ya pili.

Hatua ya tano: madaftari ya uhuru

Kwa Unguja na Pemba, nenda kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Zanzibar. Omba kumbukumbu za ubalozi mdogo wa Uingereza na za serikali ya himaya zinazohusu kuachwa huru kwa watumwa, kisha za mahakama. Utakapoletewa daftari, utaona ukurasa mpana wenye mistari ya wino uliogeuka rangi ya kahawia: jina, mwanamume au mwanamke, umri wa kukisia, kabila, jina la bwana, mahali. Umri huishia kwenye sifuri na tano, 20, 25, 30, kwa kuwa karani alimtazama mtu usoni akakadiria. Kwenye kabila utasoma Myao, Mnyasa, Mmanyema, Mngindo, Mzaramo, na mara nyingine Mzalia. Amri ya 1897 ilimtaka mwombaji aonyeshe makao na njia ya kujipatia riziki, kwa hiyo unaweza kupata pia alipokusudia kuishi.

Soma mistari mitano juu na mitano chini ya jina lako. Watu walikwenda mahakamani pamoja kutoka shamba moja. Mwanamume wa Nasoro aliyeandikwa siku ileile na Zafarani, umri unaokaribiana, na mtoto mdogo mstari unaofuata: huyo ndiye baba anayewezekana wa dai la pili, na pengine ni mara yake ya kwanza kutajwa tangu afe.

Kwa Tanzania Bara, Wajerumani walitoa hati za uhuru kupitia ofisi za wilaya, kama Tanga, Pangani, Bagamoyo, Kilwa, Lindi na Tabora. Zilionyesha pia uhuru ulipatikanaje: alijikomboa, alikombolewa na mtu, aliachwa na bwana, au serikali iliamua. Nani alimkomboa Zafarani? Mwanamume asiye bwana akitoa fedha kumkomboa mwanamke na mtoto wake, hakutoa bure. Mafaili yaliyobaki yako Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mengine ya ofisi ya makoloni yako Berlin. Kwa Kenya, anza na hifadhi ya taifa Nairobi, kwenye mafaili ya Mkoa wa Pwani na ya fidia za baada ya 1907.

Hatua ya sita: mirathi, wasia, wakfu na viwanja

Hapa ndipo nakuomba utumie nusu ya muda wako wote.

Tafuta kwanza orodha ya warithi wa Nasoro. Kadhi alipogawa mirathi aliandika kila mrithi na fungu lake. Mke au wake, pamoja, thumni (sehemu ya nane) kama kuna watoto. Kisha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Piga hesabu mwenyewe. Kama marehemu ameacha mke, watoto wa kiume watatu na wa kike wawili, baada ya thumni kinachobaki hugawanywa mafungu manane. Ukikuta kimegawanywa mafungu kumi, kuna mtoto wa kiume, au mabinti wawili, ambao majina yao yamefutika au yamesomwa vibaya. Nimeona hati ambayo kona yake ililiwa na mchwa, na hesabu ndiyo iliyosema aliyekuwa pale.

Kisha wasia. Wasia hauwezi kumpa mrithi zaidi ya fungu lake bila ridhaa ya wenzake, na kwa asiyekuwa mrithi mwisho ni thuluthi. Kwa hiyo Nasoro akisema "namwachia Feruzi minazi kumi" ndani ya ile thuluthi, amekwambia kwamba kwa macho ya sheria Feruzi si mwanawe. Kwa moyo wake hilo halikuambii. Wako waliowaachia watoto wasiokiriwa hisani nono kuliko waliyowapa watumwa wengine wote, na tofauti hiyo iandike kwenye safu ya kwanza kwa kalamu ya risasi.

Angalia Zafarani anatajwaje. Akiitwa "umm walad", mama wa mtoto, suala la ukubali limekwisha: neno hilo lina maana moja tu, amemzalia bwana wake. Kwa madhehebu ya Shafii, huyo huwa huru bwana anapofariki na hauziki. Akiitwa kwa jina tu katika orodha ya wanaoachwa huru pamoja na wengine kumi, alikuwa mmoja wa kumi.

Wakfu ndiyo hazina iliyosahauliwa. Matajiri wengi waliweka nyumba au shamba wakfu kwa ajili ya mahuru wao na vizazi vyao, na wengine kwa watoto wao. Hizo ni wakfu mbili tofauti, na kizazi cha Feruzi kimekula matunda ya mojawapo. Ulizia ni nyumba gani mjini walikaa bila kodi, ni makaburi gani walizikwa kwa haki. Zanzibar na Kenya zote ziliunda kamisheni za wakfu mwanzoni mwa karne ya 20, nazo zilikusanya hati.

Mombasa, Malindi na Lamu zina zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwalazimisha watu kuleta madai yao ya ardhi, na madai yalipogongana mashahidi waliitwa. Watu walisimama wakasema nani mtoto wa nani, nani huru wa nani, mbele ya watu waliokuwa na sababu ya kuwapinga. Ushahidi uliotolewa mbele ya mpinzani ni bora kuliko hadithi iliyosimuliwa jikoni. Lakini kumbuka mpinzani naye alikuwa na tamaa: "huyu si ndugu yetu, ni mtumwa wa baba" ilikuwa njia nyepesi ya kumnyima mtu shamba, na wapo watoto wa halali walionyang'anywa kwa maneno hayo.

Hati nyingi za aina hii ni za Kiarabu, nyingine Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kama husomi, tafuta mtu wa madrasa anayesoma mwandiko wa zamani, na mlipe. Piga picha kwanza kama unaruhusiwa. Tarehe ni za Hijria: mwaka 1315 ulianza Juni 1897. Nilipata kuambiwa katika ofisi moja kwamba daftari nililoomba halipo. Mara ya tatu nilileta namba ya rafu iliyoandikwa kwenye orodha yao wenyewe, likatoka. Omba kwa upole, omba tena.

Hatua ya saba: kama alipita misheni au baharini

Ikiwa babu yenu alikuwa Mkristo, au alikuwa kwenye jahazi la watumwa lililokamatwa na manowari ya Waingereza akateremshwa, njia ni nyingine na dai la bwana huwa dogo. Frere Town ya Mombasa ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya walioachwa huru. Rabai walijaa watoro, na mwanzoni mwa 1889 zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru huko na kwenye misheni za jirani. Bagamoyo ilikuwa na kijiji cha mapadre wa Roho Mtakatifu tangu 1868. Unguja kulikuwa na Mbweni na Kiungani. Madaftari ya ubatizo yanaweza kukupa jina la zamani kando ya jina jipya, kabila na wasimamizi. Wazazi mara nyingi hawakuandikwa, au waliandikwa kuwa wapagani tu. Jina la ukoo la Kizungu hapo halina maana ya baba Mzungu. Ni jina la ubatizo.

Kwa wenye jamaa Ghuba, maktaba ya kidijitali ya Qatar imeweka wazi mafaili ya ofisi za Uingereza kuhusu watu walioomba hati za uhuru huko katika miaka ya 1920 na 1930. Baadhi ya maombi yana maelezo ya mtu mwenyewe: alizaliwa wapi, wazazi wake ni nani, alitekwaje. Soma ukiwa na mtu karibu.

Hatua ya nane: vinasaba, baada ya karatasi

Kromosomu Y hupita kutoka baba hadi mwana bila kukatika. Kwa hiyo unahitaji wanaume wawili: mmoja wa mstari wa kiume mtupu kutoka kwa Feruzi, mwingine wa mstari wa kiume mtupu kutoka kwa Nasoro au ndugu yake. Zisipolingana, Nasoro si baba, ama mstari mmoja umekatika kati. Zikilingana, baba ni Nasoro au mwanamume mwingine wa ukoo wake, na ile safu ya tatu uliyoiandika siku ya kwanza inafufuka.

Kesi inayofundisha hili ni ya Marekani. Sally Hemings alikuwa mtumwa wa Thomas Jefferson, rais wa tatu wa nchi hiyo, na kwa karibu miaka 200 watu walibishana nani aliwazaa watoto wake. Mwaka 1998 wanasayansi walilinganisha Y ya mjukuu wa mbali wa Eston Hemings na ya kizazi cha ami yake Jefferson. Zililingana. Lakini Jefferson hakuwa mwanamume pekee mwenye Y ile. Kilichofunga hoja ni karatasi: kumbukumbu zilionyesha Jefferson alikuwapo nyumbani Monticello wakati kila mimba ilipotungwa, na mtoto mwingine wa Hemings, Madison, alikuwa amesema wazi mwaka 1873 nani baba yake. Vipimo vilevile vilionyesha familia ya Woodson, iliyosimulia asili hiyohiyo, hailingani.

Kama hakuna mstari wa kiume, tumia kipimo cha vinasaba vyote, na umpime aliye hai wa kizazi cha juu kabisa. Watoto wa Feruzi na wajukuu wa Nasoro kwa mama mwingine hutarajiwa kushirikiana takriban asilimia 6.25, wajukuu wa Feruzi na vitukuu wa Nasoro hushuka mpaka kama 1.56. Mjukuu wa miaka 80 ana thamani kuliko vijana kumi.

Jihadhari na mambo mawili. Pwani tumeoana binamu kwa vizazi, kwa hiyo kiasi kinachoshirikiwa huvimba. Pima pia mtu wa nje wa mji uleule uone wastani. Na asilimia ya "Uarabuni" kwenye ripoti haimtaji Nasoro. Utafiti wa mifupa ya makaburi ya kale ya pwani uliochapishwa 2023 ulionyesha damu ya Asia, hasa ya Uajemi, imechanganyika na ya Kiafrika huku tangu takriban miaka 1,000 iliyopita. Na hifadhi za makampuni ya vipimo zimejaa watu wa Ulaya na Marekani, kwa hiyo usikae ukingoja mtu ajitokeze. Itabidi ubishe hodi kwa kizazi cha Nasoro, ueleze unachotafuta, na uwaambie mapema kwamba hudai shamba.

Hatua ya tisa: kuandika ulichokipata

Andika kwa daraja: hakika, yaelekea, yawezekana. Kila sentensi iwe na karatasi yake au mzee wake. Mama muweke juu, kwa jina lake, na kabila lake kama limeandikwa. Katika nasaba nyingi za pwani mama huyu ameachwa kabisa, na yeye ndiye mtu pekee ambaye hakuna anayebisha. Watu walio hai wasomewe kabla wengine hawajaona, na anayeomba jina lake litoke, litoke.

Kwenye shajara ya nasaba yetu, mahali pa baba pana majina mawili. Chini ya moja kuna mistari minne ya ushahidi, chini ya lingine mmoja. Mzee aliyeondoka kwenye hitima ndiye tuliyempelekea nakala ya kwanza. Aliisoma siku mbili, akarudisha na marekebisho matatu ya tahajia, na jina la kisima.